Mashine ya Wajawazito Kifuani kwa Kaloki

Pale Kyumbi, barabara ya Machakos inapoiacha ile kubwa ya Mombasa, kulikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kibanda cha kahawa cha Kalondu. Wenyewe waliuita Bunge. Mwaka huo wa 2007 nchi nzima ilikuwa ikigombea viti, lakini pale kiti kilikuwa kimoja tu, na kiliwatosha watu wanne wakibanana. Kila asubuhi alikuwepo Reuben, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kuuza dawa za mifugo kule Kithimani kwa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hapakuwa na ugonjwa uliomshinda kuutaja jina. Alikuwepo Bonface Spana, fundi wa magari, mikono myeusi hadi viwikoni, ambaye kwake kila kitu duniani kilikuwa injini. Na alikuwepo Kaloki, dereva wa malori aliyestaafu, jina lake la pale likiwa Breki, kwa kuwa akianza kuongea hana. Kalondu mwenyewe hakukaa. Alisimama nyuma ya meza yake akimimina kahawa ya tangawizi, akisikia yote, akicheka mengine, na mengine akiyameza.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Kaloki alifika amechelewa. Alipiga hatua tatu akasimama, akapiga tatu nyingine akasimama tena.

— Breki, leo umekuja kwa rivasi? — Bonface alimuuliza.

— Wacha maneno. Kalondu, niwekee kikombe.

— Mke wako Mutheu anajua uko hapa? — Kalondu aliuliza, birika mkononi.

— Mutheu ameenda Kathiani kwa mama yake. Na moyo ni wangu, si wa Mutheu.

Wote walijua habari ya moyo huo. Wiki tatu kabla, akipanga mawe ya ukuta nyumbani kwake, kifua kilimbana akaanguka. Hospitalini walisema ni mshtuko wa moyo: mshipa mmoja unaolisha moyo uliziba, na sehemu ya nyama ya moyo ikaumia. Walimlaza siku tisa, wakamruhusu aende na dawa na neno moja: apumzike, na pumzi ikianza kumsumbua arudi siku hiyo hiyo. Kaloki alipumzika siku nne. Ya tano akarudi Bunge.

Kalondu alimtazama akikaa. Hakuegemea. Aliinama mbele, viwiko juu ya magoti, kichwa kikining'inia. Alipojaribu kujinyoosha uso ulikunjamana, akainama tena. Mishipa ya shingo ilikuwa imevimba mpaka inaonekana ukiwa ng'ambo ya meza.

— Unaumwa, mzee.

— Sijalala vizuri, basi. Nikilala chali naona kama mtu amenikalia hapa. Nikiinama inapungua.

— Hiyo ni maji, — Reuben alisema papo hapo, bila hata kugeuka. — Angalia miguu. Si imejaa? Mwili umeshika maji. Ng'ombe nimeona hivyo mara ngapi!

— Kwani mimi ni ng'ombe?

— Ng'ombe angekuwa amesikia dawa. Ngoja.

Bonface alitikisa kichwa. — Si maji. Hiyo ni hewa. Gari ikikaa wiki tatu bila kutembea, breki inaingia hewa. Unafungua nati kidogo, unatoa hewa, unafunga. Kazi ya dakika tano.

— Unifungue nati wapi, Spana?

— Hapo ndio sijajua.

Walicheka, na Kaloki naye akajaribu kucheka. Kicheko kilikatika katikati, akabaki akitafuta pumzi mdomo wazi.

— Mimi nawaambia ni ile mlingoti ya simu waliweka hapo juu mwaka jana, — Bonface aliendelea, sasa amepamba moto. — Moyo unatumia umeme, ama si hivyo, Daktari? Na mlingoti unavuta umeme. Tangu iwekwe, ni watu wangapi wamelalamika kifua hapa Kyumbi?

— Hata kuku wa kwangu wameacha kutaga, — Reuben aliunga mkono.

— Kuku wako wanaibiwa mayai! — Kaloki alisema kwa sauti ndogo.

Reuben alikuwa amekwisha kutoa karatasi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na tembe tatu nyeupe.

— Hizi ni za kukojoa maji. Nilimnunulia dada yangu. Kunywa mbili sasa, kufika saa sita umepungua kama mpira umetobolewa. Kalondu, lete maji.

Kalondu alimimina glasi ya maji, mkono wake ukifuata kuambiwa. Kisha akaiangalia ile glasi. Miaka sita kabla alikuwa amesimama hivi hivi nyumbani kwake na glasi nyingine, ya chumvi ya tumbo, inachemka mapovu. Mumewe Bartholomew alikuwa ameshika kifua. Majirani walisema ni gesi. Yeye mwenyewe alisema ni gesi. Bartholomew aliinywa akamshukuru, na kabla mapovu hayajakauka kwenye glasi alikuwa amekufa kwenye kiti.

— Lete basi, — Reuben alisema akinyoosha mkono.

Kalondu alimwaga maji chini.

— Asi! Unafanya nini?

— Hanywi kitu hapa.

— Mwaitu, mama, mimi ninajua hii kazi.

— Wewe unajua mbuzi, Reuben. Mimi nimezika mtu kwa kubahatisha. Sibahatishi wa pili.

Kaloki alisimama, pengine kuwatuliza, pengine kuondoka. Hakufika popote. Aliporomoka, na Bonface akamdaka chini ya makwapa kabla kichwa hakijagonga rimu. Walimkalisha chini, mgongo kwa ubao. Jasho jembamba lilimtoka na midomo ikawa ya kijivu. Macho yalikuwa wazi, lakini ilimchukua muda kuwaona.

— Tumpeleke kliniki ya hapo nyuma, — Bonface alisema. — Nilete pikapu.

— Kliniki ya hapo nyuma wana nini? — Kalondu alikuwa tayari ameshika simu. — Wana kipima joto na kalenda. Kaa naye.

Ubavuni mwa kibanda chake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na watu wa Njia Salama, shirika dogo la ambulensi lililoweka gari lao kilomita chache pale chini kwa sababu ya ajali za barabara ya Mombasa. Kalondu alipiga ile namba. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili haikushika. Ya tatu sauti ya mwanamke ikajibu, naye akasema yote kwa mkupuo: mzee wa miaka sitini na mbili, mshtuko wa moyo wiki tatu zilizopita, hawezi kulala chali, shingo imevimba, ameanguka.

— Hiyo gari ni ya ajali, — Reuben alimwambia alipokata simu. — Hawachukui wazee wa kawaida.

— Watanikatalia mimi nikiwa nimesimama hapa.

Ambulensi ilifika kabla kahawa haijapoa vikombeni. Dereva wake, mwanamume mrefu aitwaye Wathome, alibaki mlangoni. Nesi ndiye aliyeruka chini kwanza: msichana mwembamba wa miaka ishirini na saba hivi, jina Mwikali limeshonwa kifuani. Alipiga magoti kwenye vumbi bila kuangalia sketi yake.

— Nau, baba, unanisikia?

— Nasikia. Hawa ndio hawasikii.

Alimpima presha. Akapima tena. Akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akahamisha, akasikiliza tena.

— Kalondu ndiye nani? Ni wewe ulipiga? Amekunywa dawa yoyote asubuhi hii?

— Zake za hospitali. Hizi za huyu hajanywa.

Mwikali aliitazama ile karatasi ya Reuben, akaichukua, akaitia mfukoni mwake bila neno. Kisha akamgeukia dereva.

— Wathome, nipe mashine.

— Sista, ile ni ya kuangalia damu kwa tumbo la watu wa ajali. Barua iliyokuja nayo ilisema hivyo. Hakuna ajali hapa.

— Moyo wake nausikia mbali, kama uko nyumba ya jirani. Presha iko chini na shingo imejaa. Nataka kuona.

— Tumpeleke tu. Hospitali ya karibu, ndio sheria.

— Nikimpeleka bila kujua, nitawaambia nini wakiuliza? Lete. Nitajibu mimi.

Wathome alisita, akaingia ndani, akatoka na kitu kama mkoba wa walimu. Kilipofunguliwa kilikuwa na skrini ndogo na waya wenye kichwa cha mviringo. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, wauza matunda wa barabarani na abiria waliokuwa wakingoja magari. Mwikali alifungua vifungo vya shati la Kaloki na kumpaka jeli chini ya kifua.

— Yii! — mama mmoja alisema. — Hiyo si ndio walinipima nayo nikiwa na mimba?

Kicheko kikapita kwenye umati.

— Sista, — Bonface alisema, — huyu ni mzee. Hakuna mtoto huko.

— Mwanaume hapimwi na kitu ya wamama, — Reuben alisema kwa ukali, akasogea kama anayetaka kulifunika shati. — Kaloki, utakubali hivi mbele ya watu?

Kalondu aliingia katikati yao. Hakumsukuma. Alisimama tu, upana wa bega lake ukiwa ndio ukuta.

— Toka kwa mwanga wake, Reuben.

— Mimi natetea heshima ya rafiki yangu.

— Heshima mtampa kwa jeneza? Toka.

Chini, Kaloki alinyanyua mkono, akamshika nesi kiwiko.

— Nipime. Hata kama ni mapacha, nipime.

Mwikali alibonyeza kile kichwa cha waya chini ya mfupa wa kifua, akikielekeza juu. Kwenye skrini kulikuwa na ukungu wa kijivu, kisha ukungu ukatulia, na Kalondu, aliyekuwa ameinama nyuma ya bega la nesi, akauona. Kitu kilikuwa kikipiga. Kidogo, haraka haraka, kikiyumba huku na huku ndani ya duara jeusi.

— Huo ndio moyo? — alinong'ona.

— Ndio huo.

— Na hiyo nyeusi?

Mwikali aligusa kidude, akapima kwa alama mbili, akavuta pumzi.

— Ni maji. Moyo una mfuko unaoufunika. Baada ya mshtuko, wengine huo mfuko unavimba na kujaa maji. Angalia hapa pembeni: huu upande wa kulia unataka kufunguka upokee damu, maji yanaubonyeza. Unaona unavyoingia ndani? Moyo wenyewe una nguvu. Umekabwa tu.

— Si nilisema maji! — Reuben aliruka.

— Ulisema, mzee. Lakini tembe zako zinatoa maji ya damu, hazifiki haya. Presha yake inashikiliwa na hayo kidogo yaliyobaki kwa mishipa. Angekunywa mbili, saa hii tungekuwa tunamfunika.

Reuben alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akagusa rimu ya lori akakaa.

Mwikali alipiga simu Nairobi, kwa daktari wa zamu wa shirika lao. Kalondu alisikia upande mmoja tu.

— Ndio, maji kuzunguka moyo… Sentimita mbili na nusu… Ndio, chumba cha kulia kinabonyea… Hapana, daktari, si ajali… Ndio, najua barua ilisema nini. — Alinyamaza kusikiliza. Shingo yake ilisimama wima. — Daktari, mkiniuliza kesho nitaeleza. Leo naomba mtu mwenye sindano. Nikimpeleka mahali hawatoi hayo maji, watatafuta picha kwanza, halafu wamtume huko huko kwenu, na yeye hana hiyo saa… Nina uhakika. Moyo uko mbele ya macho yangu, unapiga.

Wathome aliondoa miwani yake akaifuta.

— Sawa, — Mwikali alisema mwishowe. — Dripu, asilazwe chali, oksijeni. Hakuna dawa ya kushusha presha. Asante. Tunakuja.

Walimpakia akiwa ameketi. Kaloki aliangalia nje kupitia mlango wa nyuma na kumtafuta Kalondu kwa macho.

— Kikombe changu usimpe mtu.

— Nenda, wewe. Unaongea sana.

Gari likaondoka likipiga king'ora kuelekea Athi River, njia ya Nairobi. Kalondu alijaribu kuuza kahawa akashindwa. Aliunguza birika moja. Alimpigia Mutheu Kathiani akamweleza aende Nairobi moja kwa moja, asipitie nyumbani. Benchini, Bonface na Reuben walikaa mbali mbali, kwa mara ya kwanza tangu awajue, mpaka saa kumi simu ilipolia.

— Wamemtoboa, — sauti ya Mwikali ilisema, imechoka. — Karibu vikombe vitatu vya maji ya damu damu. Presha imepanda pale pale kitandani, tukiangalia. Anauliza kama Bunge limevunjwa.

Kalondu aliweka simu juu ya meza, akakaa kwenye ubao, yeye ambaye hakai. Aliulilia moyo wa Kaloki, na akaulilia ule mwingine ambao hakuna aliyeuona ukipiga mwisho.

Wiki zilizofuata, hadithi ilikua kila siku. Wageni waliteremka Kyumbi wakakuta benchi limewaka.

— Mimi ndiye nilisema itobolewe! — Bonface aliwaambia. — Si nilisema fungua nati? Sista alinisikia. Huo ujuzi ni wa gereji.

— Ulisema hewa, wewe. Mimi nilisema maji, — Reuben alijibu, ingawa hakulisema tena kwa sauti ya zamani.

— Maji, hewa, kitu ni ile ile. Ilitoka. Na nimefikiria: ile mashine inaona mpaka mahali ulipo. Inapeleka picha juu kwa setilaiti, kule ng'ambo mzungu anasoma, anajibu kwa simu. Ndio maana alinyamaza vile. Walikuwa wanangoja ijibu.

— Hapana. Dawa ni ile jeli. Mimi niliigusa. Ilikuwa baridi ajabu. Inaingia kwa ngozi inayeyusha.

— Sasa sindano ilikuwa ya nini?

— Ya kuonyesha wamefanya kazi.

— Kuna mtu huko kwetu Kathiani, — msikilizaji mmoja aliongeza, — anasema aliona kwa skrini mtoto kabisa, ana meno.

— Meno ya Kaloki hiyo, — Bonface alisema. — Alimeza mwaka wa themanini na nne.

Kaloki mwenyewe alirudi asubuhi ya Alhamisi moja, amekonda, na Mutheu nyuma yake kama askari. Alikaa ameegemea, mgongo umenyooka.

— Nyinyi mnaongea vitu hamkuona, — alisema. — Mimi niliona. Nilikuwa naangalia hiyo skrini kinyume. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja, nimepinduka kwa korongo mara mbili, na sijawahi kuogopa hivyo. Niliona moyo wangu unahangaika peke yake, na sisi tuko nje tunacheka. Nikaona hii kitu inanipigania na mimi nilisema ni yangu, si ya Mutheu, nifanye ninavyotaka.

Mutheu aligeuka akaangalia barabara.

— Nisamehe, Breki, — Reuben alisema, akivikodolea macho vidole vyake. — Zile tembe.

— Ulikuwa unanipenda vibaya. Kalondu, kahawa iko wapi? Mpe Mutheu kwanza.

Walikuwa bado wanakunywa wakati Mwikali alipofika, kwa miguu, bila sare. Kalondu aliona kabla hajaongea kwamba hakuleta habari njema. Alimpima Kaloki mapigo mkononi, akatabasamu, kisha akasema.

— Ile mashine inaondoka mwisho wa mwezi. Ilikuwa ya majaribio ya miezi mitatu, na ripoti inasema ilitumika mara chache kwa ajali. Na mimi nimeandikiwa nieleze kwa nini niliitumia nje ya kazi yake.

— Nje ya kazi yake! — Kaloki alipiga ubao. — Kazi yake si kuona? Iliona!

— Wanasema mgonjwa mmoja si ushahidi.

— Mimi si ushahidi? — Alifungua shati mbele ya barabara nzima, akaonyesha kovu dogo chini ya kifua. — Waje waniguse!

— Nau, funga, kuna baridi.

Kalondu alikuwa ameondoa vikombe mezani. Alipangusa maji, akatandaza karatasi mbili alizokuwa akifungia mandazi, zile safi, akamtupia Reuben kalamu.

— Wewe una mwandiko. Andika.

— Niandike nini?

— Ilivyokuwa, wakubwa wa Mwikali wasome. Kwamba mimi Kalondu nilipiga simu. Kwamba Bonface alimdaka. Kwamba wewe ulikuwa na tembe mkononi.

Reuben alishtuka. — Hiyo pia?

— Hiyo kwanza. Bila hiyo hawataelewa tulikuwa tunapotelea wapi. Sisi wote tulikuwa na jibu hapa. Mimi miaka sita iliyopita nilikuwa na jibu. Yeye peke yake ndiye aliyeangalia.

Reuben alishika kalamu. Kisha akaandika, herufi kubwa zilizosimama vizuri, na alipofika kwenye jina lake hakulifupisha: Mimi, Reuben, nilitaka kumpa dawa ambayo ingemuua. Bonface alitaka iongezwe habari ya nati, wakagombana, wakakubaliana iachwe. Kaloki alitaka matusi mawili kwa watu wa ripoti. Mutheu aliyakataa yote mawili, halafu akafikiria, akaruhusu moja dogo.

Kwenye ukingo wa ubao alikuwa amekaa mwanamke mgeni, kikapu cha parachichi miguuni, akingoja gari. Jina lake, walikuja kujua baadaye, lilikuwa Mwongeli, na alitoka milimani Kathiani. Alikuwa amesikiliza yote. Sasa alisogea.

— Samahani, watu wa hapa. Niko na mzee nyumbani. Naye alishikwa na moyo, mwezi wa sita. Naye siku hizi analala ameketi. — Aliangalia uso mmoja baada ya mwingine. — Hiyo mashine, kule kwetu iko wapi?

Bonface alimtazama Reuben. Reuben alimtazama Kaloki. Kaloki alimtazama Mwikali. Mwikali aliinamisha uso, akaukunja mkono wake juu ya meza na kuukunjua.

— Haiko, — alisema hatimaye.

— Na karibu na kwetu?

Mwikali alitikisa kichwa.

Kalondu alichukua kalamu kutoka mkononi mwa Reuben. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, lakini aliandika mwenyewe, polepole, maneno yale yale ya yule mwanamke, na alama ya kuuliza akaifanya kubwa. Kisha akamgeukia Mwikali.

— Gari lenu liko barabarani leo?

— Liko. Wathome yuko zamu.

— Na mashine bado iko ndani mpaka mwisho wa mwezi?

— Iko.

— Basi mpigie. Mwambie apite hapa amchukue huyu mama, waende Kathiani sasa hivi. Mzee analala ameketi.

— Mama Kalondu, hiyo si ajali. Watanifukuza.

— Wakikufukuza utauza kahawa na mimi. Piga.

Mwikali alimtazama, akamtazama Mwongeli, aliyekuwa amekwisha kunyanyua kikapu chake. Akatoa simu. Reuben alikuwa akikunja barua ile taratibu, kona kwa kona, naye akauliza bila kuinua macho:

— Na wakubwa wao wakikataa yote tuliyoandika?

— Waje wakatae hapa, — Kalondu alisema. — Wakiwa wamekaa kwa hii benchi, na sisi tunawaangalia usoni.